Kitone cha Buluu Hukisia Tu

Umesimama uchochoroni Kariakoo, maghorofa kila upande, unamsubiri bodaboda. Simu inalia: “Kaka, nimefika, mbona sikuoni?” Ramani imempeleka mtaa wa pili. Hapo hakuna aliyedanganya. Simu yako imekisia, na makisio yana mipaka yake.

Wengi hudhani setilaiti hututazama kutoka juu. Hazituoni kabisa. Setilaiti za GPS, zilizo kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, hutangaza kama redio: saa hizi ni saa ngapi, nami niko wapi. Simu husikiliza, hupima mawimbi yametumia muda gani njiani, kisha hupata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kama simu ingekuwa na saa ya atomiki kama zilizomo kwenye setilaiti. Kwa kuwa haina, huhitaji ya nne ili kusahihisha saa yake.

Usahihi huo si wa mchezo. Mawimbi husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300.

Mahali peupe, simu hukosea mita tano hivi. Kariakoo mambo ni mengine: mawimbi hugonga kuta na kudunda kabla ya kufika, safari inarefuka, na simu huuhesabu mzunguko huo kuwa umbali wa kweli. Nasi tulio karibu na Ikweta tuna adha ya ziada. Tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka zaidi huku, hasa baada ya jua kuzama, likayumbisha mawimbi.

Ndani ya nyumba, mawimbi ya setilaiti hayapenyi vizuri, kwa hiyo simu hutegemea Waifai za jirani na minara ya mawasiliano. Waifai huweza kukuweka kwenye jengo sahihi. Mnara wa kijijini, unaohudumia eneo kubwa, huweza kukosea kwa kilomita kadhaa.

Basi tazama duara hafifu linalokizunguka kitone cha buluu kwenye ramani. Likiwa pana, simu inakiri haina hakika. Hata likiwa dogo si kiapo: kwenye simu za Android, maana yake ni uwezekano wa asilimia 68 kwamba umo ndani yake. Sogea penye uwazi, subiri duara linywee, ndipo umwite dereva. Au mwambie tu uko mkabala na duka la vitenge.