Chumvi Kwenye Zege: Dawa ya Kuzuia Maji Inasaidia Wapi?

Katika nyumba nyingi zilizo karibu na bahari, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, huonekana jambo moja. Dari la veranda limepasuka, vipande vya zege vimeanguka, na vyuma vilivyokuwa vimefichwa ndani vimebaki wazi, vyekundu kwa kutu. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwamba aliiba simiti. Huenda ikawa kweli, lakini mara nyingi mwizi ni chumvi.

Zege lililochanganywa vizuri hulinda chuma. Simiti ina ukali kama wa chokaa, na ukali huo hukipa chuma utando mwembamba unaokizuia kushika kutu. Chumvi ya bahari ikikifikia chuma, huuvunja utando huo. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hadi mara sita, na kwa kuwa ndani ya zege haina pa kwenda, hulisukuma hadi likapasuka. Ufa ukishatokea, maji na hewa huingia kwa urahisi na uharibifu huenda mbio. Kuta za Jumba la Mtwana, pale ufuoni Mtwapa, zimekuwepo tangu karne ya 14 zikipigwa na upepo huo huo wa bahari. Zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, bila vyuma ndani.

Siku hizi maduka ya vifaa vya ujenzi huuza dawa ambayo mafundi wengi huiita wotaprufu. Baadhi ya dawa hizo hufanya kazi ya kulifukuza maji zege. Zipo zinazotokana na asidi za mafuta, ndugu wa sabuni, na zipo za jamii ya silikoni. Huchanganywa na simiti, mchanga na kokoto kabla ya kumwaga. Zege likikauka, dawa hubaki kwenye kuta za vitundu vidogo mno vilivyomo ndani yake, na maji yakigusa hapo hayanyonywi tena. Hufanya kama tone la mvua juu ya jani la gimbi: linabingirika, jani linabaki kavu. Na kwa kuwa chumvi husafiri ikiwa imeyeyuka ndani ya maji, maji yakizuiwa, chumvi nayo hucheleweshwa. Kwa nyumba inayopigwa na upepo wa kusi wenye mvuke wa bahari, huo ni msaada wa kweli.

Lakini chumvi ina milango miwili ya kuingilia, na dawa hufunga mmoja tu. Huo ni ule wa nje. Mlango wa pili hufunguliwa na mjenzi mwenyewe siku ya kuchanganya, anapotumia maji ya kisima cha chumvi au mchanga uliochotwa ufuoni. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mtungi mmoja wa lita 20 ukijazwa maji hayo hubeba kiasi cha gramu 700, karibu robo tatu ya kilo. Visima vyetu vingi havifiki hapo, lakini vilivyo karibu na bahari vinaweza kuwa na chumvi ya kutosha kuharibu chuma. Chumvi iliyoingia kwa njia hiyo tayari iko ubavuni mwa chuma, na hakuna dawa ya kuzuia maji itakayoitoa. Mtu anaweza kununua dawa ya bei kali, akaichanganya na maji ya kisima cha chumvi, na akawa amepoteza pesa zake.

Kanuni nyepesi ni hii: maji yanayofaa kunywewa yanafaa kuchanganyia zege. Asiye na maji ya mfereji ni afadhali anunue ya boza kwa ajili ya slabu, nguzo na ringi bimu, hata kama maji ya kisima atayatumia kwa kazi nyingine isiyogusa simiti wala vyuma. Mwenye shaka apeleke sampuli maabara ipimwe kiwango cha kloridi. Ulimi hautoshi.

Dawa hizi pia haziwezi kila kitu hata kwa upande wa nje. Nyingi hulifanya zege lisinyonye maji ya mvua na unyevu, lakini hazihimili maji yanayosukuma kwa nguvu, kama yaliyo ndani ya tangi au yanayokizunguka chumba kilichochimbwa chini ya ardhi, isipokuwa maelezo ya dawa yaseme hivyo waziwazi. Haziwezi kuziba ufa. Na kuzidisha kipimo hakuongezi ulinzi: zinaweza kulidhoofisha zege. Kipimo hutolewa kwa uzito wa simiti, kwa hiyo fundi apime kwa kila mfuko wa kilo 50, asimimine kwa kukadiria kwa jicho. Ni vyema kumwaga kwanza kipande kidogo cha majaribio. Kikishakauka kabisa, kidondoshewe maji kionekane kama yanabaki juu. Ikiwa ukuta utapigwa plasta, muuzaji aulizwe mapema kama plasta itashika, maana uso unaofukuza maji wakati mwingine huikataa plasta pia.

Kinachosahaulika zaidi ni maji mengi. Fundi akiona zege ni zito huongeza ndoo ili liteleze. Maji hayo ya ziada yakikauka huacha vitundu, na vitundu ndiyo njia ya chumvi. Kwa ujenzi wa kando ya bahari, lita 20 hadi 22 kwa mfuko mmoja wa kilo 50 zinatosha, na mchanga uliolowa huwa umebeba sehemu ya maji hayo tayari. Vyuma navyo viwekwe ndani, angalau milimita 50 kutoka kwenye uso wa zege, kwa kuvipandisha juu ya vitofali vidogo vya simiti badala ya vipande vya mbao. Kisha zege limwagiliwe maji matamu, au lifunikwe kwa magunia yenye unyevu, kwa siku saba au zaidi. Bila haya, dawa inalinda kitu kilichokwisha kuharibika.

Waliokwisha jenga wanaweza kupaka dawa za jamii ya silikoni juu ya zege lililokauka, nazo huzama kidogo ndani. Hilo hufaa kabla kutu haijaanza. Dalili za kuwa imeanza ni mistari ya rangi ya kahawia inayofuata vyuma, nyufa nyembamba zilizonyooka, au sauti ya utupu zege linapogongwa. Hapo kupiga plasta juu ni kuuficha ugonjwa. Zege bovu hutolewa hadi nyuma ya chuma, kutu ikasuguliwa yote, na chuma kilichokonda kikaongezewa kingine kabla ya kujaza upya. Slabu iliyoanza kudondosha vipande ikaguliwe na mhandisi, na watu wasikae wala watoto wasicheze chini yake kabla ya ukaguzi huo.

Anayepanga kujenga anahitaji idhini ya kaunti kwa michoro yake, na mwanakandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wakati wa kuipitia michoro hiyo ndio wakati wa kumuuliza mhandisi vyuma vitakaa ndani kiasi gani, na maji ya kuchanganyia yatatoka wapi.