Hesabu ya uchungu wa bia: namba ya pakiti si ya kuaminiwa kipofu

SHEMEJI yangu aliporudi kutoka Ubelgiji alileta pakiti ya hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia ya kiwandani uchungu wake. Urwarwa wetu wa ndizi na impeke ya mtama havitiwi hopsi, hivyo kwa wengi tuliorejea Burundi ni kitu kigeni. Jirani alituomba tupike lita 20 kwa sherehe ya mahari ya binti yake.

Mimi ni mwalimu, na hesabu za asilimia nilijifunza kwa Kiswahili uhamishoni Tanzania. Nikaona kazi hiyo ni yangu.

Pakiti huandikwa asilimia ya asidi za alfa, ambazo zikichemshwa ndizo huleta uchungu. Yetu iliandikwa 6. Kwa hiyo gramu 30 zilikuwa na miligramu 1,800 za asidi hizo. Hata hivyo, si zote huingia kwenye bia. Kwa mujibu wa kanuni ya Glenn Tinseth wa Marekani, hopsi zikichemka dakika 60 katika maji ya kimea yenye sukari ya wastani, hupatikana karibu asilimia 23. Zikichemka dakika 15, ni kama asilimia 11 tu.

Asilimia 23 ya 1,800 ni miligramu 414. Gawanya kwa lita 20, unapata karibu 21. Kipimo hicho huitwa IBU, na bia nyingi nyepesi huwa kati ya 8 na 25. Nikaridhika.

Siku ya sherehe bia ilikuwa tamu kama togwa. Wazee walionja, wakaweka glasi chini, wakaomba urwarwa. Jirani hakusema neno, lakini fedha za kimea zilikuwa zake.

Makosa yalikuwa mawili. Kwanza, pakiti ilikwisha kufunguliwa na kukaa jikoni mwaka mzima. Joto na hewa hupunguza asidi za alfa, hivyo ile 6 ilikuwa ya siku ya kupimwa, si ya siku ya kupika. Pili, hapa Gitega tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na uchungu hutoka polepole zaidi.

Mfanyabiashara wa Kobero au Mugina akiletewa hopsi, asianze na bei. Aulize mwaka wa mavuno, asilimia ya asidi, na kama pakiti imefungwa bila hewa na kutunzwa kwenye baridi. Zikinuka kama jibini kuukuu, aziache. Mpikaji naye ajaribu kwanza lita 5, aonje, ndipo apikie wageni.

Jirani nimekwisha kumlipa nusu ya fedha za kimea. Nusu iliyobaki atapata mwisho wa mwezi.