Ndago na Siri ya 218

Wajukuu, kila mwenye bustani hapa Mabela anaijua ndago, hata asiyejua jina lake. Mimina maji kwenye majani ya uani katika joto hili la Maskati, ndago ndiyo itakayotangulia kushukuru. Unaing'oa leo, baada ya siku chache imechomoza tena. Ulichong'oa ni majani tu. Chini kumebaki vijiazi vyeusi vilivyofuatana kama shanga, na kila kimoja kinaweza kutoa mche mpya. Wataalamu walioandika kitabu cha magugu mabaya kuliko yote duniani, mwaka 1977, waliipa nafasi ya kwanza. Mimi naona waliipunja: walitazama shamba, hawakunusa.

Shika shina lake, livingirishe baina ya vidole. Utahisi pembe tatu. Basi hiyo si nyasi, ni jamii moja na mafunjo ya Mto Nile, na wanasayansi huiita Cyperus rotundus. Kikwangue kijiazi chake, kitatoa harufu kali ya manukato. Waarabu wanaoiita su'd, na Wahindi pia, wameitumia tangu kale kwa maradhi ya tumbo. Huko Al Khiday, Sudan, watafiti walichunguza ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita. Ndani yake wakakuta kampaundi za ndago, wakatangaza habari hiyo mwaka 2014. Walihisi huenda ndiyo sababu baadhi ya watu hao walikuwa na meno machache yaliyooza.

Lakini kusema "ndago ni dawa" bado hujasema kitu. Ndani ya kijiazi kimoja mna kampaundi nyingi zilizochanganyika. Ipi inafanya kazi?

Mkemia huvikausha vijiazi kivulini, akavisaga, akauloweka unga kwenye heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Akishachuja, huivukiza heksani hadi abaki na utomvu wenye harufu. Utomvu huo huumimina juu ya mrija wa kioo uliojazwa unga mweupe wa silika, ambayo kikemia ni ileile ya mchanga wa kawaida. Kisha humimina kimiminika kidogo kidogo. Kampaundi zinazoshikamana sana na silika huchelewa, zisizoshikamana hutangulia, na yeye chini anakinga chupa moja baada ya nyingine. Mbinu hii aliianzisha Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, mwanzoni mwa karne ya 20, alipotenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha kwenye unga wa chaki.

Sasa chupa ziko mezani, na kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Kuna mashine ya kupima uzito wa molekuli. Mkemia anatia tone kutoka chupa moja, inasoma 218. Chupa ya pili, 218. Ya tatu, 218 tena! Alfa-saiperoni, nutkatoni, rotundoni: zote zimo katika ndago, na kila moja ina atomi 15 za kaboni, 22 za hidrojeni na moja ya oksijeni. Chukueni herufi L, I, M, A. Mnaweza kuandika lima, mali, mila au imla. Herufi ni zilezile, mpangilio ndio unaotofautiana.

Pua nayo si shahidi wa kutegemewa. Nutkatoni inanukia balungi. Rotundoni, ambayo jina lake limetokana na ndago hii, ndiyo inayotoa harufu ya pilipili manga. Watafiti wa Australia walilithibitisha hilo mwaka 2008. Nanogramu 8 tu katika lita ya maji zinatosha kusikika. Hata hivyo, takriban mtu mmoja kati ya kila watano waliojaribiwa hakuisikia kabisa, hata ilipozidishwa sana.

Kwa hiyo kampaundi hutiwa kwenye sumaku yenye nguvu nyingi, kwa kanuni ileile ya mashine inayopiga picha za ubongo hospitalini. Viini vya atomi za hidrojeni hutoa ishara zinazobadilika kufuatana na majirani zao. Mkemia husoma ishara hizo mpaka ajue nani kakaa karibu na nani, kisha huichora molekuli nzima.

Njia ya namna hii ndiyo iliyowafikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye alfa-saiperoni. Walikuwa wakichunguza mimea ya dawa ya Tanzania, na mwaka 1990 walieleza kwamba kampaundi hiyo ya ndago inazuia vimelea vya malaria. Ila vimelea hivyo vilikuwa maabara, ndani ya vyombo vya kioo. Chombo hakina ini la kuivunja dawa, wala figo za kuitoa, wala hakitapiki ikizidi. Maswali kuhusu mwili yana majaribio yake, na mpaka yajibiwe, hakuna daktari atakayeandika alfa-saiperoni kwenye karatasi ya mgonjwa.