Hopsi, Matunda na Hewa Iliyofungwa Chupani

Mwaka 1963, Reginald Maudling, waziri wa fedha wa Uingereza, alipoondoa sharti la leseni kwa mtu apikaye bia nyumbani kwa matumizi yake pasipo kuiuza, kazi iliyokuwa ya wachache ilienea majikoni. Na hata leo anayeianza aghalabu hununua kopo la rojo ya kimea iliyokwisha kutiwa uchungu wa hopsi kiwandani, akaiyeyusha kwa maji ya moto pamoja na sukari, akaongeza maji baridi hata zikatimia lita 23 hivi, kisha akanyunyiza hamira na kufunika. Kinywaji kitokacho humo hunyweka, walakini hakina shani, ndipo mpishi akaingiwa na tamaa ya kutia hopsi na matunda aliyoyachagua mwenyewe. Mintarafu ya uhalali wa kileo kila msomaji ana dini yake. Mimi nataka kueleza elimu iliyomo katika tamaa hiyo.

Hopsi ni maua ya mmea utambaao, wenye nasaba moja na bangi, na ndani yake mna unga wa manjano uliobeba vitu viwili vya tabia mbalimbali: asidi za alfa, ambazo uchungu wake haukamiliki mpaka zichemshwe muda mrefu zikabadilika umbo, na mafuta ya harufu, ambayo moto uo huo huyapeperusha. Maadamu uchungu umo tayari katika kopo, mwenye kutafuta harufu hana haja ya moto. Na angoje hamira imalize sehemu kubwa ya kazi yake, kisha atumbukize hopsi kavu kwa siku chache. (Mwenye mbwa asiyatupe ovyo machicha yake, kwani mbwa akiyala joto la mwili humpanda kwa ghafla na huweza kufa.)

Matunda yana hila zaidi. Atiaye rasiberi hutaraji utamu, ilhali utamu ndio chakula cha hamira, nayo huumaliza wote ikabakiza ukali, rangi na harufu. Hii ni mojawapo ya sababu bia za cheri za pande za Brussels huwa chachu kuliko mgeni anavyodhania. Tunda likitiwa siku ya kwanza, povu na hewa ya kaboni huichukua harufu yake, kwa hiyo wajuzi hulitia uchachukaji ukishatulia. Kuligandisha kabla ya hapo hupasua nyama yake yakatoka maji kwa wepesi, lakini baridi haiui hamira za mwituni zijazo nalo. Joto la nyuzi 70 kwa robo saa huziua nyingi, na kulichemsha kabisa huifanya bia iwe na ukungu.

Kwa siha ya mnywaji, tunda haliigeuzi bia kuwa dawa: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na hatari. Hofu ya methanoli, kwa upande mwingine, imezidi kadiri, kwani ile itokayo katika matunda ya bia ni chembe tu; waliopofuka na kufa aghalabu walikunywa pombe kali iliyoghushiwa.

Lililo la kuogopwa hasa ni chupa. Wachagga wa Kilimanjaro huchanganya ndizi, kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe katika mbege yao, lakini huinywa ingali ikichachuka, na hewa yake haina kizuizi. Mpishi wa kopo hufunga kizibo. Gramu 4 za sukari katika lita moja ya bia huzaa takriban lita moja ya hewa. Sukari ya kutilia povu peke yake ni gramu 6 hivi kwa lita, na kilo 2 za rasiberi katika lita 23 huongeza karibu gramu 4 nyingine, lau zitafungiwa kabla hazijaliwa na hamira. Fauka ya hayo, hopsi zisizochemshwa zina vimeng'enya vivunjavyo masalio ya kimea yakawa sukari mpya, hata bia iliyoonekana imetulia ikaamka tena. Kioo hupasuka, na vigae huruka machoni. Kwa hiyo kipimo cha haidromita, chombo kipimacho uzito wa bia ukilinganishwa na maji, kilichoanzia 1.040 kikashuka karibu na 1.010, sharti kisimame palepale siku tatu mfululizo baada ya tunda na hopsi kutiwa, wala si kabla. Na chupa moja iwe ya plastiki, ibonywe kila siku kwa kidole, ikiwa ngumu isiyobonyea zote zifunguliwe kidogo zitoe hewa, mfunguaji akiwa amevaa miwani na glavu nene.