Mpenzi wa roki Ukambani aanze na santuri zipi?

KAMBU, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa baina ya Kibwezi na Mtito Andei, hautajwi katika vitabu vya historia ya muziki wa roki. Hata hivyo, kijana wa huko aliyezoea kusikiliza Metallica au Iron Maiden kwenye simu yake, na ambaye sasa anataka kuanza kukusanya santuri, yuko mahali pazuri kuliko anavyodhani.

Ushauri atakaopewa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani unajulikana. Ataambiwa aanze na santuri ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotolewa Uingereza siku ya Ijumaa, Februari 13, 1970. Wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua mlango wa roki nzito, ile inayoitwa hevi metali. Mpiga gitaa wake, Tony Iommi, alikuwa amekatika ncha za vidole viwili kiwandani mjini Birmingham, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aweze kuendelea kupiga. Kisha ataongezewa "The Number of the Beast" ya Iron Maiden ya mwaka 1982 na "Master of Puppets" ya Metallica ya mwaka 1986.

Orodha hiyo haina kosa. Ila santuri hizo hutolewa upya kila mara, na mwenye pesa anaweza kuziagiza hata kesho. Zikiungua zote zilizoko Kenya, muziki wenyewe hautapungua hata noti moja. Santuri inayostahili kutafutwa kwa bidii ni ile ambayo ikipotea, wimbo nao umepotea, na santuri za namna hiyo ziko Ukambani.

Kuna uhusiano baina ya pande hizi mbili ambao wachache huutaja. Santuri ile ya kwanza ya Black Sabbath ilitoka chini ya lebo ya Vertigo, tawi la Philips. Mwaka 1972 biashara ya muziki ya Philips iliunganishwa na ya Siemens, likazaliwa shirika la Polygram. Polygram hilohilo lilikuwa miongoni mwa makampuni yaliyofanya biashara ya santuri jijini Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980.

Katika miaka hiyo makampuni ya kigeni yaliweka mitaji katika studio na mitambo ya kutengenezea santuri, na Nairobi ikawa kitovu cha biashara hiyo katika Afrika Mashariki yote. Tanzania haikuwa na kiwanda chake, hivyo nyimbo za bendi za huko zilizotiwa kwenye santuri zilipitia Nairobi. Pembeni mwa makampuni makubwa walikuwepo watayarishaji na wenye maduka wa eneo la River Road, ambao walikuwa na lebo zao wenyewe. Hao ndio waliowapa nafasi vijana waliotoka mashambani na gitaa begani.

Bidhaa yao kuu ilikuwa sahani ndogo inayozunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika chache tu, na kwa sababu hiyo wimbo mrefu uligawanywa, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili. Jambo hili lina maana kubwa kwa mpenzi wa roki. Upande wa kwanza mara nyingi hubeba hadithi, kwa kuwa mwimbaji ana jambo la kusema. Upande wa pili ndipo waimbaji wanapopunguza maneno na magitaa kushika usukani, yakikimbizana hadi mwisho. Anayesikiliza upande mmoja tu hajausikia wimbo. Nyimbo hizi zinapohamishiwa kwenye simu, mara nyingi nusu ya pili huachwa, na mtu hubaki akijiuliza wazee walikuwa wanasifu nini.

Miongoni mwa bendi za Kikamba za kipindi hicho, tatu zilisimama mbele ya nyingine: Les Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi, na Kalambya Boys ya Onesmus Musyoki. Zote zilipiga benga, mtindo uliotokea kwa Waluo wa Nyanza na kuenea karibu nchi nzima. Lakini benga ya Ukambani ina sura yake. Gitaa moja hukaa chini na kushikilia msingi wa wimbo. La pili hupanda juu sana na kufuma noti ndogondogo za haraka, zisizokoma, zikijaza kila mwanya ulioachwa na sauti na besi. Ngoma ya mguu hupigwa sawasawa kila pigo, bila kuchoka.

Aliyezoea roki nzito atatambua mara moja kitu anachokipenda: mkono wa kulia usiopumzika, kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa mpaka kimwingie msikilizaji mwilini, na wapigaji wanaosikilizana. Tofauti iko katika sauti yenyewe. Roki nzito huikwaruza na kuinenepesha sauti ya gitaa, ilhali Mkamba huiacha nyembamba na safi, inayometa kama maji ya kijito.

Wa kuanza naye ni Kakai Kilonzo. Alizaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987, akiwa na umri mdogo mno kwa mtu aliyeacha kazi nyingi kiasi hicho. Jina la bendi yake linatokana na Kilimambogo, mlima ulio karibu na Thika. Tofauti na wenzake wengi, Kakai aliimba sana kwa Kiswahili, na hilo ndilo lililomvusha mipaka ya Ukambani. Ndiyo maana sahani zake hupatikana pia mbali na kwao, jambo linalomrahisishia kazi anayeanza kukusanya.

Peter Mwambi anahitaji uvumilivu zaidi, hasa kwa asiyejua Kikamba, kwa kuwa uzito wa nyimbo zake uko katika maneno kama ulivyo katika gitaa. Kwa mkazi wa Kambu kizuizi hicho hakipo.

Kalambya wana kisa chao. Kalambya Boys walishirikiana na kundi la wanawake, Kalambya Sisters, ambao sauti zao za juu, kali na zenye utani hazifanani na za kundi jingine lolote nchini. Wimbo wao "Katelina", wa miaka ya mwanzo ya 1980, ulihusu msichana anayependa uki, pombe ya kienyeji ya Wakamba, na ambaye kila mara hujikuta mjamzito. Uliwachekesha wengi na kuwaudhi wengine. Kama Kalambya Sisters wangekuwa vijana wa kiume wenye nywele ndefu kutoka California, vitabu vingewaita waasi. Santuri yao ndiyo ya kwanza kutafutwa na yeyote anayedhani ukorofi katika muziki ulianzia ng'ambo.

Mkusanyaji akitoka nje ya Ukambani, bado zipo santuri chache za Afrika Mashariki na jirani zake zilizo karibu zaidi na roki yenyewe. Matata, kundi la Wakenya lililohamia London, lilirekodi huko katika miaka ya mwanzo ya 1970 muziki wenye gitaa zito na tarumbeta, na santuri yao "Independence" ya mwaka 1974 hutafutwa sana. Zambia ndiko roki ilikoshika mizizi kwelikweli, kwa jina la Zamrock. Serikali ya Kenneth Kaunda iliitaka redio icheze kwa sehemu kubwa muziki wa nyumbani, na vijana waliokuwa wakiwapenda akina Jimi Hendrix wakajibu kwa roki yao wenyewe. "Lazy Bones!!" ya WITCH na "Africa" ya Amanaz, zote za mwaka 1975, ni santuri ambazo nakala zake za kwanza sasa si rahisi kuzipata. Wanamuziki wa kikosi cha asili cha WITCH wamekwisha kufa wote isipokuwa mwimbaji wao Emanuel "Jagari" Chanda, aliyerudi jukwaani na kutoa santuri mpya, "Zango", mwaka 2023.

Wapo pia wanaomhesabu Freddie Mercury kuwa wa nyumbani. Alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikaondoka visiwani mwaka 1964. Mwenye kutaka kipande cha roki nzito chenye mkono wa mtoto wa Unguja atafute "Sheer Heart Attack" ya Queen ya mwaka 1974. Humo mna "Stone Cold Crazy", wimbo ambao Metallica waliurudia na kushinda nao tuzo ya Grammy mwaka 1991.

Na kwa hevi metali ya Kenya yenyewe ipo santuri ya Duma, vijana wawili waliotoka katika bendi za roki nzito za Nairobi. Ilitolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni muziki mkali, wa mashine na mayowe, na mzee aliyecheza benga ataomba uzimwe. Lakini ni kazi iliyozifikisha kelele za Nairobi mbali sana na Nairobi.

Hizo zote, hata hivyo, zina watu wanaozitunza. Sahani ndogo za Kikamba zina mashaka zaidi. Katika miaka ya 1980 kanda za kaseti ziliingia kwa wingi, nyingi zikiwa za kunakiliwa kiharamu, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 biashara ya santuri ilikuwa imefifia. Lebo ndogo zilifungwa. Kwa nyimbo nyingi kanda ya asili ya studioni haipatikani tena, na anayetaka kuutoa wimbo upya hulazimika kuunakili kutoka kwenye sahani iliyokwisha kuchezwa miaka mingi.

Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa "Kenya Special", mkusanyiko wa nyimbo 32 za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa hazijawahi kupatikana nje ya Kenya. Mkusanyiko wa pili ulifuata mwaka 2016. Kazi hiyo ilisaidia, lakini pia iliwafahamisha wanunuzi wa ng'ambo kwamba sahani hizi zina thamani. Tangu hapo mwenye sanduku la santuri kijijini amekuwa akishindana, bila yeye kujua, na watu wenye kiasi kikubwa cha pesa.

Jijini Nairobi duka la Melodica katika Mtaa wa Tom Mboya, lililoanza mwaka 1971, liliendelea kuuza sahani za zamani muda mrefu baada ya wengine kuacha. Katika Soko la Kenyatta, kibanda cha Jimmy Rugami kimejulikana kwa kazi hiyohiyo. Lakini mkazi wa Kambu hana haja ya kupanda basi kabla ya kuuliza nyumbani. Shangazi, babu, au jirani aliyewahi kuwa na baa katika miaka ya 1980 ndio wa kutembelewa kwanza.

Anapoiona sahani, aielekeze kwenye mwanga wa jua kwa mshazari. Mikwaruzo myembamba ya juu haina hatari kubwa. Mfereji uliopauka na kuwa kijivu ni dalili ya sindano butu, na dawa yake haipo. Asome karatasi ya katikati: jina la bendi, la mtunzi na la lebo, na namba iliyochorwa kwenye plastiki karibu nayo. Sahani isiyo na jalada isidharauliwe, kwani nyingi ziliuzwa ndani ya bahasha ya karatasi tupu.

Joto na vumbi la Makueni ni adui wakubwa. Sahani zisimamishwe wima, zisilazwe zikirundikana. Zikiachwa ndani ya gari juani hupinda, na zikishapinda ni vigumu kunyooka. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi, kwa kufuata mzunguko wa mifereji. Zile sahani za zamani zaidi, nzito na zinazovunjika kama kigae, zisiguswe kabisa na spiriti, kwa maana huziyeyusha.

Kunakili sahani kwenye kompyuta ili wimbo usipotee ni jambo jema, ila kuusambaza ni jambo jingine. Kwa sheria ya Kenya, haki ya rekodi yenyewe hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, lakini haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kwa nyimbo alizotunga Kakai Kilonzo muda huo utaisha mwishoni mwa mwaka 2037. Mpaka hapo ruhusa ni ya warithi, na pa kuanzia kuwatafuta ni lile jina dogo lililochapwa chini ya kichwa cha wimbo, kwenye karatasi ya katikati.