Kabla ya Kutaja Bei ya Tovuti

Safari hii naandika kuhusu jambo ambalo halimo kwenye orodha ya huduma zetu, lakini linaniletea watu mezani kila mara. Vijana wetu wamejifunza kutengeneza tovuti: wengine shuleni, wengine kwa kutazama video usiku baada ya zamu. Wenye maduka, saluni na makanisa yetu wanazihitaji. Wanapatana bei kwa simu kwa dakika tano, na baada ya miezi mitatu hawasalimiani tena.

Najua jinsi inavyotokea kwa sababu ilinitokea. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Marekani, kanisa moja liliniomba tovuti. Mzee aliyetumwa kwangu akauliza, "Mwanetu, utatufanyia kwa shilingi ngapi?" Bado alikuwa anahesabu kwa shilingi. Nikaona aibu kumkalisha mzee na kumuuliza maswali. Nikasema dola 300, nikidhani ni kazi ya wikendi mbili.

Baada ya wiki tatu kwaya ikataka ukurasa wake wenye video. Kisha wakina mama wakataka wao. Kisha ikaja sehemu ya kutoa sadaka kwa kadi, kisha mtu akasema mbona hakuna Kifaransa. Picha walizoahidi kuleta Jumapili zilifika baada ya miezi miwili, nyingi zikiwa na giza. Kazi ilichukua miezi minne, na saa zangu zilipita 100. Fanya hesabu mwenyewe: ni chini ya dola 3 kwa saa, na wakati huo nilikuwa naacha zamu za ghala ili nimalize. Kanisani nako ilisemwa kwamba nimekula pesa na kazi haiishi.

Kwa muda mrefu niliwalaumu wao. Sasa sifikiri walikuwa na kosa kubwa. Mimi niliposema "tovuti" nilimaanisha kurasa 4. Wao waliposema "tovuti" walimaanisha kila kitu walichowahi kuona kwenye tovuti ya kanisa kubwa. Hakuna aliyedanganya. Hatukuwahi kusema kazi yenyewe ni ipi.

Wale mliopita Nyarugusu au kambi nyingine mnamkumbuka fundi cherehani wa sokoni. Ukimpelekea kitenge, hakutajii bei kwanza. Anauliza ni gauni au sketi na blauzi, mikono mirefu au mifupi, bitana ipo au haipo, vifungo analeta nani. Anapima. Anakitandika kitambaa aone kama kinatosha, maana wapo wanaoleta yadi mbili wakitaka mshono wa yadi sita. Ndipo anasema bei. Na ukirudi kesho ukitaka mikono ibadilishwe, hakuoni mtu mbaya, anakuambia tu hiyo ni pesa nyingine. (Siku ya kumaliza, ndiyo, atakudanganya. Hapo msimuige.)

Basi kijana, ukiulizwa bei, jibu lako la kwanza liwe: "Nitakuambia baada ya kukaa na wewe nusu saa." Katika hiyo nusu saa uliza anataka tovuti imfanyie nini. Watu waone saa za kazi na anwani? Waweke miadi? Walipe? Kurasa ngapi, lugha ngapi? Maneno ataandika nani, picha atapiga nani? Baada ya kuisha, nani atakuwa anabadilisha matangazo? Na katika upande wake, nani mmoja mwenye neno la mwisho? Hili la mwisho ndilo lililonimaliza mimi. Nilikuwa na wateja 11, na kila mmoja aliamini ndiye mwenye kazi.

Mara nyingine, baada ya maswali hayo, utagundua hahitaji tovuti. Kama anachotaka ni watu waipate saluni yake kwenye ramani ya simu na waone namba, Google ina ukurasa wa biashara ambao haulipiwi. Mwambie ukweli, msaidie kuufungua kwa pesa kidogo, na umwache aende. Atarudi siku akihitaji kikubwa, kwa sababu hukumlia pesa yake.

Tuseme anahitaji kweli. Ni dada mwenye saluni ya kusuka nywele, anataka kurasa 4 na mahali pa kuweka miadi. Usikadirie kazi nzima kwa mkupuo, maana kichwa huona ile sehemu ya kufurahisha tu. Ikatekate. Kikao na maswali saa 3. Kuandika maneno na kuchagua picha saa 7, na msizishushe, ndizo zinazosahaulika kuliko zote. Kutengeneza kurasa saa 10. Miadi saa 5. Kujaribu kila kitu kwenye simu mbalimbali saa 2, kwa sababu wateja wake wengi wataifungua kwenye simu. Marekebisho saa 4. Kumfundisha dada mwenyewe kubadilisha bei saa 2. Jumla ni saa 33. Ongeza theluthi moja kwa yale usiyoyaona bado, unapata saa 44. Mara ya kwanza theluthi itaonekana nyingi. Ukishafanya kazi tatu na kuandika saa zako kila siku, daftari lako litakuambia kama ni nyingi au ni kidogo.

Sasa saa moja ni bei gani? Usichukue tu mshahara wa ghala. Ukiajiriwa, mwajiri analipa nusu ya kodi ya Social Security na Medicare. Ukijifanyia kazi mwenyewe, nusu zote mbili ni zako: asilimia 15.3, na unatakiwa kuwasilisha kodi hiyo mara tu faida yako ya mwaka inapofika dola 400. Pia zipo saa ambazo hakuna anayezilipa, za kutafuta wateja na za kuzunguka kudai. Kwa hiyo kama ghalani ungepata dola 18, hapa dola 25 si tamaa. Saa 44 kwa dola 25 ni dola 1,100. Katika hizo, karibu dola 155 weka kando siku ile ile unayolipwa. Si zako.

Mteja asisikie namba moja. Mwambie "kati ya dola 900 na 1,200, kwa kazi hii tuliyoiandika," kisha mweleze ni kitu gani kitaisogeza juu au chini. Gharama za nje zitenge: jina la tovuti kwa kawaida ni kama dola 10 hadi 20 kwa mwaka, na nafasi ya kuiweka mtandaoni hulipiwa kila mwezi au kila mwaka. Hizo zinarudi kila mwaka hata wewe ukiwa umelala. Mteja asiyeambiwa hilo mapema ataona amedanganywa bili ya pili ikija. Vilevile akitaka kupokea malipo ya kadi, kampuni ya malipo hukata sehemu ya kila malipo. Mwonyeshe mapema kiasi chenyewe.

Halafu atasema, "Mwanangu, wewe si wa nyumbani? Punguza." Hakuna ubaya, sisi ni watu wa kupatana. Ila ukipunguza bei, punguza na kazi. "Sawa mama, kwa dola 600 naweza. Zitakuwa kurasa 2, bila miadi. Miadi tutaiongeza ukishaona inakuletea watu." Umemheshimu na hujajiumiza. Kinachoharibu ni kusema ndiyo kwa bei ndogo na kazi kubwa, halafu kuanza kutopokea simu zake. Na kama ni zawadi, kwa kanisa lako au kwa shangazi yako, sema wazi kwamba ni zawadi, kisha useme inaishia wapi. Kurasa 4 bure ni zawadi. Bure isiyo na mwisho itakufanya uanze kukwepa ibada.

Yaandikeni. Karatasi moja inatosha, Kiswahili ni sawa kabisa: kazi ni ipi, mteja ataleta nini na lini, marekebisho ni mara mbili na ya tatu inalipiwa, bei, na tarehe. Tarehe ya kumaliza ihesabiwe kuanzia siku picha na maneno vinapofika, isihesabiwe kuanzia siku ya kupeana mikono. Pesa zigawanywe: theluthi ya kuanzia, theluthi akishaona kurasa za kwanza, theluthi kabla ya kumkabidhi. Usiahidi kwamba atatokea wa kwanza akitafutwa kwenye Google. Hakuna anayeweza kuahidi hilo, hata makampuni yanayopiga simu dukani kila wiki yakiahidi.

Wazazi na wenye biashara, sasa nasema na ninyi. Anayekuuliza maswali mengi kabla ya bei hakuzungushi, anakupimia kitenge. Wa kuogopwa ni yule anayetaja bei kabla hujamaliza sentensi. Na kuna jambo moja nawaomba mlishike hata mkisahau mengine yote: jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako au la biashara yako, kwa barua pepe yako, kwa kadi yako. Kijana asilisajili kwake ili kukurahisishia. Nimemwona mwenye duka mmoja ambaye kijana wake alihamia jimbo jingine. Kadi ya kijana ikaisha muda, na ilani za kulipia zikawa zinakwenda kwenye barua pepe ambayo hakuna aliyekuwa anaifungua. Jina likipita muda wake, kuna kipindi kifupi unaweza kulikomboa, mara nyingi kwa ada kubwa. Baada ya hapo linaachiliwa, na yeyote anaweza kulinunua. Lilinunuliwa na mgeni kabisa. Na lile jina lilikuwa limechorwa kwenye gari lake la kusambazia mizigo, kwenye kadi zake, kwenye kibao cha mlangoni. Yule kijana hakuwa mwizi. Alikuwa anamsaidia.

Mwisho ni mambo ya ofisi yetu. Mkimbizi aliyepokelewa hapa na mwenye grinikadi wanaruhusiwa kujifanyia kazi. Kama kesi yako ya hifadhi bado inasubiri, hakikisha kwanza una kibali cha kazi. Pesa ya tovuti ni pato, hata ikija mkononi au kwa simu, hata ikitoka kwa shangazi. Kama nyumba yenu inapata fudistempu au Medicaid, tuulizeni kabla ya malipo ya kwanza jinsi ya kuiripoti. Ikigundulika baadaye wanaweza kuwadai mrudishe msaada mliopokea, na barua hizo huja kwa jina la mzazi, haziji kwa jina la kijana aliyetengeneza tovuti. Weka risiti za gharama zako pia, kwa sababu hupunguza faida inayotozwa kodi. Msimu wa kodi, vituo vya VITA husaidia bila malipo, na vingi hupokea biashara ndogo zenye matumizi machache.

Kama kijana hajafika miaka 18, mzazi akae naye kwenye kile kikao cha nusu saa. Nimeacha mapokezi nakala za karatasi ya makubaliano, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Chukueni. Na yule aliyekwisha kutaja bei wiki iliyopita kisha akanipigia simu usiku, bado hujachelewa. Mpigie mama, msalimie vizuri, mwambie ulijibu haraka na unaomba mkae upya. Njoo nayo hiyo karatasi.