Ukiumwa na tumbili siku ya sikukuu, usingoje kesho

SIKUKUU ya Jamhuri mwaka jana nilifunga kliniki yangu, nikawachukua watoto wangu wawili, mtoto wa dada yangu mwenye umri wa miaka saba, pamoja na mama yangu mzazi, tukaenda kutazama wanyama katika bustani moja hapa Nairobi. Wenzetu wa Mombasa huenda Haller Park kule Bamburi, nao wa Kisumu huenda kuwaona swala pala kando ya ziwa. Popote uendapo, mambo ya siku kama hiyo ni yale yale. Foleni langoni ni ndefu, watoto wanalia njaa kabla ya kumwona simba, na kila familia imebeba kikapu cha chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi.

Baada ya kusukumana na umati kwenye uzio wa simba, tuliketi chini ya mti tule. Hapo ndipo tumbili mmoja, miongoni mwa wale wanaozurura nje ya vizimba, alipomrukia mtoto wa dada yangu akitaka ndizi. Mtoto aliikazania. Tumbili akamwuma kiganja, akanyakua ndizi na kupanda mtini. Kufumba na kufumbua, mambo yalikuwa yamekwisha.

Jeraha lilikuwa dogo, matundu mawili na damu kidogo. Mama yangu alianza kutafuta ugoro wake ampake. Mzee mmoja aliyeketi karibu akasema mafuta ya taa ndiyo dawa. Mwingine akatuliza watu kwamba tumbili hana neno, mbaya ni mbwa. Nami, daktari wa miaka mingi, nikagundua kwamba katika vikapu vyote vile sikuwa nimebeba hata kipande cha sabuni.

Wasomaji wengi wameniuliza kama kuna haja ya kukimbilia hospitali kwa jeraha dogo kama hilo. Haja ipo, na inafaa kila mzazi aelewe sababu yake.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa tunaouogopa zaidi ni kichaa cha mbwa. Jina lake huwapotosha watu. Ni kweli kwamba karibu binadamu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu waliambukizwa na mbwa. Lakini mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kuupata, awe paka, punda, mbweha, nguchiro au tumbili. Hapa Kenya ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka wa 1912, katika mbwa, karibu na Nairobi, na hadi leo haujatokomezwa.

Virusi vyake hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, virusi huingia kwenye nyama ya mwili, kisha hushika mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua kati ya mwezi mmoja na mitatu, ingawa yaweza kuchukua siku chache tu au kuzidi mwaka. Wakati wote huo mgonjwa hana dalili yoyote. Jeraha hupona, kovu husinyaa, na watu husahau.

Virusi vikifika kwenye ubongo, mgonjwa hupata homa, huwashwa au kuhisi ganzi pale alipoumwa, huingiwa na wasiwasi, na mara nyingi koo hukaza akijaribu kunywa maji. Hapo hatuna tiba. Karibu kila mgonjwa hufa.

Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari wodini, aliletwa mvulana mmoja aliyekataa maji. Wazazi wake walidhani ni kidonda cha koo. Tulipouliza sana, nyanya yake ndiye aliyekumbuka kwamba kulikuwa na mbwa aliyemwuma mguuni, wiki nyingi zilizopita. Kovu lilikuwa halizidi ukucha wa kidole changu. Mvulana huyo hakurudi nyumbani. Ndiyo maana sikuweza kulidharau jeraha lile la matundu mawili.

Kweli, uwezekano wa tumbili wa bustanini kuwa na ugonjwa huu ni mdogo. Lakini mbwa wa jirani unaweza kumchunga kwa siku 10 uone kama ataugua. Tumbili aliyepanda mtini utamtambua vipi kesho kati ya wenzake?

Sabuni kwanza

Virusi hivi vimezungukwa na utando wa mafuta, nayo sabuni huuvunja utando huo. Kwa hiyo kuosha jeraha ni sehemu ya tiba yenyewe, tena ni sehemu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya. Fungua mfereji, acha maji yatiririke juu ya jeraha, na uoshe kwa sabuni kwa muda wa dakika 15. Tazama saa, kwa maana dakika 15 ni ndefu mtoto anapolia. Mfereji ukikosekana, mmwagie maji kwa chupa au jagi. Baada ya hapo waweza kupaka spiriti au dawa ya ayodini.

Usipake ugoro, mafuta ya taa, pilipili, udongo wala majani. Vitu hivi hulikera jeraha na kuingiza uchafu. Usilifunge kwa kulibana.

Siku ile sabuni nilipewa na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga. Alikuwa amebeba kipande cha kufulia nepi. Mama yangu alishika mkono wa mjukuu wake chini ya mfereji, nami nikahesabu dakika.

Hospitali siku hiyo hiyo

Dada yangu nilipompigia simu alisema, "Kaka, si mngoje kesho, leo ni sikukuu?" Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mwaka. Baada ya sikukuu huja siku ya kazi, baada ya siku ya kazi huja mwisho wa wiki, na jeraha likishakauka hakuna anayekumbuka tena. Idara za dharura huwa wazi hata siku za sikukuu.

Chanjo hufaulu kwa sababu virusi huenda polepole. Tunaufundisha mwili kujikinga kabla havijafika kwenye ubongo. Louis Pasteur alionyesha jambo hili kule Ufaransa mwaka wa 1885, alipomkinga mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa.

Wengi huogopa wakikumbuka zile sindano nyingi za tumboni za zamani. Siku hizi mtu mzima hudungwa begani, na mtoto mdogo pajani. Ratiba inayotumika sana ni ya sindano nne au tano katika muda wa wiki mbili hadi nne, ya kwanza ikiwa siku ile ile. Zikamilishe zote. Mkwaruzo usiotoa damu nao huhitaji chanjo. Ikiwa ngozi imetobolewa na meno, daktari ataongeza dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Pia ataangalia kama unahitaji chanjo ya pepopunda na dawa ya kuzuia usaha. Mnyama akikugusa tu, au akiramba ngozi isiyo na jeraha, kunawa kunatosha.

Hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na chanjo. Tulipata ya pili baada ya kupiga simu. Piga simu kabla ya kupanda matatu.

Kabla ya safari ijayo

Tumbili wa bustanini hauma kwa ubaya. Amezoeshwa na sisi wenyewe, tunaomrushia njugu ili watoto wacheke, na sasa anajua kwamba mfuko wa plastiki unaochakarisha una chakula. Mtoto hushambuliwa kwa sababu ni mfupi na chakula chake kiko karibu. Basi usiwalishe wanyama. Fungua chakula pale tu mnapoketi kula, na watu wazima wakae pembeni, watoto katikati. Mfundishe mtoto asimkodolee tumbili macho wala kumwonyesha meno, kwa maana kwa tumbili huo ni uchokozi. Na akikishika chakula, mwachie.

Zaidi ya yote, mwambie mtoto kwamba hatachapwa akisema ameumwa. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kugombezwa, nasi hatuwezi kumchanja mtoto ambaye hatukujua ameumwa.

Mtoto wa dada yangu alimaliza sindano zake na yuko shuleni. Nyanya yake sasa hatoki nyumbani siku ya sikukuu bila kutia kipande cha sabuni kikapuni, juu ya chapati.